Mahindi ya Rangi ya Mikeka

4 Septemba

Kwa mdogo wangu, Bibi Ghala,

Salamu zitangulie, maneno yafuate. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inayomgombeza. Mimi mzima. Nyumba ipo, paa lipo, mbuzi hawapo.

Walikuja tena wiki iliyopita, wale wa msituni. Safari hii hawakupiga mtu. Waliingia nyumba hadi nyumba kama wenye nyumba waliokuja kudai kodi, wakachukua mbuzi, wakachukua mahindi ya kihenge cha mbele, wakachukua hata ile sufuria kubwa ya Mama, aliyoapa kwamba atazikwa nayo. Mama ana hasira ya sufuria kuliko ya mbuzi.

Lakini kuna kitu hawakukigusa. Lile gunia la mbegu mlilotuletea mwaka jana, zile nyekundu mnazozipaka dawa ya wadudu, lilikuwa limebaki kidogo pale mlangoni. Mkubwa wao alilifungua, akaona wekundu, akalifunga upesi na kujipangusa mikono kwenye suruali. Unakumbuka kuku wa jirani waliodonoa mbegu zile wakafa wote kabla jua halijatua? Kumbe habari hiyo ilifika mpaka msituni.

Basi nikakaa nikafikiri. Unamjua jirani yetu msusi wa mikeka, na unayajua magome anayochemshia ukindu mpaka uwe mwekundu. Nilimwendea. Tukachemsha magome, tukaloweka mahindi ya kula, yale tuliyoyafukia nyuma ya jiko, kisha tukayaanika. Ukiyaona utadhani yametoka kwenye ghala lako. Yakipikwa yana ukakasi kidogo tu, tumbo halilalamiki. Sasa kila nyumba ya mtaa wetu ina gunia jekundu mlangoni, kweupe, wala hatufichi.

Sema kweli, mdogo wangu, dada yako ana akili au hana?

Tunangoja mbegu za mwaka huu. Mvua haina rafiki, ikija imekuja. Mziwanda wetu bado yuko machimboni, hajaandika. Unamjua uvivu wake wa kalamu. Barua hii anaileta muuza chumvi mwenye baiskeli, ambaye pande zote mbili za vita hivi humwacha apite kwa kuwa hakuna anayetaka kula bila chumvi. Mpe jibu arudi nalo.

Dada yako


13 Septemba

Dada,

Shikamoo, na Mama umpe shikamoo yake.

Barua yako ilifika na chembe za chumvi kwenye kila kunjo. Akili unayo, hilo silibishii, na nilicheka peke yangu humu ghalani nikimwaza Mama na sufuria yake. Kisha nikaisoma mara ya pili, kicheko kikanikauka.

Dada, wekundu ule si pambo. Mbegu hupakwa rangi ili mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, akiiona ajue kwamba hii hailiwi. Hatuna alama nyingine. Ninyi sasa mmewazoesha watoto wa mtaa mzima kula mahindi mekundu. Mbegu za mwaka huu zitakuja na rangi ile ile, na dawa yake ni kali kuliko ya mwaka jana kwa sababu ya viwavi. Ukiziosha haitoki. Hata maji yakitoka meupe, dawa bado imo ndani.

Nakuomba yale magunia myaondoe kabla lori letu halijafika. Yaleni, yafukieni, fanyeni mnavyoweza. Na uniambie ni nani na nani wanaoijua siri hiyo, maana siri ya mtaa mzima si siri.

Kuna jingine. Mwanamume mmoja aliyerudi kutoka machimboni alikuja hapa kupanga foleni ya chakula. Nikamwuliza habari za Mziwanda. Aliniambia watu wote wa kwetu walioko kule anawajua kwa majina, na huyo hajawahi kumwona. Labda yapo machimbo mengine. Niandikie.

Mdogo wako


25 Septemba

Bibi Ghala,

Marahaba. Kweli umekuwa mtu wa mjini, unatuandikia kana kwamba hatujui gunia la kula na gunia la kupanda. Siri ya mtungi iulize kata. Mbegu zenu zikija zitawekwa kwa msusi, chumba cha nyuma chenye kufuli, na ufunguo nitauvaa shingoni. Siri wanaijua wanawake wa mtaa huu tu, na hakuna mwingine.

Sasa kaa nikusimulie. Wamekuja tena. Mkubwa wao, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama mbele ya gunia letu. Kisha akachota mahindi kwa kiganja, akanisogezea mdomoni, akasema, "Kula."

Bunduki ilikuwa hapa, chini ya sikio. Na yale yalikuwa mahindi yangu mwenyewe, mdogo wangu, niliyoyapika asubuhi ile ile na ambayo bado nilikuwa nayo tumboni. Ningetafuna punje moja tu, mtaa mzima ungekuwa umekwisha. Basi nikakataa. Nikalia, na machozi sikuyatafuta, yalikuja yenyewe. Nikamwambia, "Afadhali unipige risasi, ni haraka kuliko hiyo." Mama alikuwa ameketi kizingitini, naye akaangua kilio kwamba nisile, nisile, ni sumu. Sikujua kama Mama ni mwigizaji kiasi kile.

Alinitazama mpaka nikahisi ameona yote. Halafu akayamwaga, akajipangusa mkono kwenye suruali kama mara ya kwanza. Waliondoka na ndoo na blanketi moja.

Lakini gunia lipo. Ukiniambia niliondoe, nami nitakuuliza tutakula nini mpaka mavuno.

Walikuwa wachache, wamekonda, nguo zinawavuka. Mmoja alijifunga kitambaa usoni, akasimama nyuma ya mkubwa wao muda wote. Ana kifua kibaya, kikohozi kile cha kukatika-katika. Mungu anisamehe, niliwaonea huruma.

Machimbo yako mengi. Usijitie wasiwasi juu ya Mziwanda.

Dada yako


3 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Habari ya bunduki chini ya sikio nimeisoma. Nina hasira na wewe, na ninajivuna kuwa wewe ni dada yangu, na sijui nianze na lipi.

Lakini nimesoma pia habari ya kikohozi. Mziwanda alipokuwa mdogo ni mimi niliyekuwa nampaka mafuta kifuani, na kikohozi cha kukatika-katika nakijua. Hukuwa na haja ya kuniandikia kikohozi cha mtu usiyemjua. Ulitaka nijue, au kalamu ilikuponyoka? Kama jambo haliandikiki, niambie tu kwamba miguu ya Mama imepona. Nitaelewa.

Mbegu zinaondoka wiki ijayo. Nilimwendea bwana shamba, mkuu wangu, nikamwomba zipakwe rangi nyingine, buluu, kijani, yoyote ile. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kuna mtaa ambao watu wamezoea kula mahindi mekundu. Alinitazama kana kwamba nimemwambia wanakula mawe. Akasema dawa inatoka kiwandani na rangi yake, na mvua haiwezi kumngoja mtu wa ghala achague rangi anayoipenda. Simlaumu sana, ana vijiji vingi vinavyongoja. Nikafikiria kuyazuia magunia yenu. Nikiyazuia hampandi, na msipopanda, mwakani hamtakuwa na cha kuficha.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Lile koti jeusi la Baba, nililoling'ang'ania siku ya mazishi, nimelikata mkono wa kulia. Nimeukata vipande, na kila gunia lenu nimelishonea kipande kimoja mdomoni kwa uzi mweupe. Nililia, lakini mkasi haukusimama. Gunia lenye kipande cha koti la Baba ni sumu, Dada. Mwambie msusi, waambie watoto, mwambie Mama. Barua hii nimempa muuza chumvi aitangulize makusudi, isije ikasafiri na lori.

Mdogo wako


12 Oktoba

Mdogo wangu,

Sina nafasi ya salamu. Anayekuletea barua hii ni dereva wa lori lenu, muuza chumvi anamrudisha kwa baiskeli. Ni mzima, wamempiga tu. Wale wa msituni walimteka jana darajani kabla hajatufikia. Wamechukua magunia yote.

Sasa nisikilize. Ni yeye. Kikohozi ni cha Mziwanda. Walimkamata shambani wakati wa mavuno, jembe likiwa mkononi, na hatukukwambia kwa sababu barua hupita mikononi mwa watu, na hapa mwenye ndugu msituni huchomewa nyumba na hawa wa upande wa pili wanaopigana nao. Mama alisema tuseme machimboni, nami nikasema.

Tena si hilo tu. Nilikudanganya kuhusu siri. Katikati ya Septemba alikuja nyumbani mara moja, jioni, kwa mlango wa nyuma, amekonda hata Mama hakumtambua mpaka alipokohoa. Mama alimpikia mahindi mekundu. Alipoiona rangi akarudi nyuma. Mama akacheka, akamweleza yote, magome na msusi na mimi, naye akala mpaka akasinzia pale pale kwenye mkeka. Simlaumu Mama. Wewe ungemnyima mwanao chakula kilicho mbele yako? Na siku ile ya bunduki alikuwa nyuma ya mkubwa wake, anajua vizuri ninalia nini, na hakutoa neno. Alitulinda.

Lakini sasa wanayo magunia yenye sumu ya kweli, na wana njaa, na kule msituni ni yeye peke yake anayejua kwamba mahindi mekundu yanalika. Habari za koti hana. Atadhani ujanja wa dada yake umefika mpaka kwenye lori. Unaujua moyo wake, hawezi kumtazama mwenzake akilala na njaa mbele ya chakula. Atawaambia. Au atakula wa kwanza ili awaonyeshe.

Mama ameshika fimbo, ameondoka na miguu yake hiyo hiyo. Namfuata.

Dada


20 Oktoba

Dada,

Sijui barua hii nitampa nani. Daraja limefungwa, na muuza chumvi amekaa sokoni na baiskeli yake, amekataa kunitazama usoni.

Dereva alisimulia mkasa wake hapa uani, watu wamemzunguka. Wakati wa chai mhasibu akasema wezi hao wakila, wamejitakia, na tutakuwa tumepunguziwa kazi. Watu wakacheka. Nilikuwa nimeshika kikombe, Dada, na nikacheka nao. Nilicheka kwa sababu mtu asiyecheka angeulizwa kwa nini. Kisha nikaenda nyuma ya magunia nikauma kanga yangu ili nisisikike.

Mimi ndiye niliyesimamia upakiaji. Nimezishika mbegu zile kwa glavu, mdomo nimeufunga, kwa sababu najua zinavyofanya. Kama amekula na bado yu hai, msimtapishe. Mvueni nguo zenye vumbi la dawa, muosheni mikono na mdomo, akizidiwa mlazeni kwa ubavu, mumkimbize zahanati bila kungoja kupambazuka. Atatokwa na mate mengi, atatetemeka. Nayaandika haya huku nikijua kwamba yakifika yatakuwa yamechelewa.

Nimekuuliza mara ngapi kuhusu yeye, nawe unanijibu machimbo? Kama ungeniambia Septemba, mbegu zile zisingeondoka hapa. Ningelala juu yake. Nasema hivyo kisha najiuliza kama ni kweli, maana mngepanda nini.

Niletee neno moja, Dada. Hata likiwa baya, nipe nilishike.

Mdogo wako


16 Novemba

Mdogo wangu,

Yu hai. Nimelitanguliza hilo ili uketi, ndipo usome mengine. Daraja limefunguliwa juzi, na barua yako imenifikia jana.

Mimi na Mama tulifuata nyayo zao kutoka darajani, tukafika kambini kwao asubuhi ile ile. Hakuna aliyetuzuia, nani atamzuia bibi kizee anayekuja akitukana? Sufuria ilikuwa juu ya mafiga. Ilikuwa sufuria ya Mama, ile ile, imejaa mahindi mekundu yanayotokota, na watu wameizunguka na sahani zao. Mziwanda alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amewaambia jana yake, kama nilivyohofia. Aliwaambia kwa sababu wenzake wawili walikuwa wanalia kwa njaa.

Mama akapaza sauti kwamba ni sumu, wasile. Mkubwa wao akavua miwani akaifuta, bila haraka. Akasema, "Binti yako alinililia hivyo hivyo, nami nikamwamini. Leo kula wewe, tuone."

Nilisimama pale nikaiona kazi ya mikono yangu. Mama akikataa, watasema ni maigizo yale yale. Akila, watasema si unaona, ni chakula. Nilitafuta neno ambalo wangeliamini, sikulipata. Yote nilikuwa nimeshayatumia pale mlangoni kwetu, kwa ajili ya gunia moja. Mdogo wangu, uliniandikia mapema na nikakujibu kwa methali.

Mama akapeleka mkono kwenye sufuria. Alikuwa anakwenda kula. Baadaye aliniambia aliona kwamba akifa mbele ya macho yao wataamini, na Mziwanda alikuwa bado hajapakuliwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka koti. Sikumwambia mkubwa wao, nilimwambia ndugu yetu. Nikasema, "Tazama mdomo wa gunia. Ni koti la Baba, dada yako amelikata."

Aliinuka akaenda penye magunia. Akakishika kile kipande, akaupitisha uzi wako mweupe kidoleni. Anakumbuka siku ya mazishi alivyolijaribu ukamvua kwa nguvu mbele ya wageni. Anajua hata kifungo chake usingekitoa kwa mchezo. Alirudi akaipiga sufuria teke. Mahindi yote yakamwagika mavumbini, mbele ya watu waliokuwa hawajala.

Walimpiga kwa kitako cha bunduki. Alijikinga kwa mkono wa kulia, nao ukavunjika, niliusikia. Mama alijilaza juu yake, mimi nikavutwa nywele, na sijui wangeishia wapi. Kilichowanyamazisha ni jogoo wao. Alikuwa anadonoa yale yaliyomwagika, kisha akaanza kuzunguka-zunguka, akaanguka ubavu, akapigapiga mbawa, akatulia. Watu wote walikuwa wanamtazama. Mwenye bunduki aliishusha mwenyewe, hakuambiwa.

Wale wawili waliokuwa wanalia njaa walikuwa wameshatafuna mbichi usiku, wakati wengine wakingoja moto. Tuliwakuta wamelala nyuma ya kibanda, mate yanawatoka. Mama aliwaosha midomo kwa maji aliyokuja nayo. Mmoja alifumbua macho. Mwingine alikufa hata hatujaondoka, na Mama ndiye aliyemfumba macho. Rika lake ni la Mziwanda. Mziwanda hajalitaja hilo mpaka leo, nami simuulizi, lakini namwona anavyoitazama sahani kila anapopakuliwa.

Mkubwa wao alitwambia tuchukue mtu wetu na takataka zetu. Mtu wa mkono mmoja hana kazi naye, na magunia ya sumu hayataki karibu yake. Wanawake wa mtaa walikuja kuyabeba kichwani, kila mmoja amejifunga kanga mdomoni na puani kama unavyosema mnavyofanya huko. Mvua ilitukuta tunapanda. Zimeota. Nimekwenda asubuhi hii kuziangalia, na nimeona ni vibaya kufurahi, nikafurahi.

Rangi tumeacha. Mahindi ya kula yaliyobaki ni meupe, tumeyafukia, na wakija watayatafuta kama zamani. Mziwanda analala chumba cha nyuma, hatoki mchana. Upande wa pili wakimjua watachoma nyumba, kwa hiyo tunakula tukisikiliza mlango. Ukimwandikia, andika kwa jina langu.

Mama alirudi na sufuria yake. Kila siku anaisugua kwa majivu, bado hajapikia.

Tena ana ujumbe kwako. Anauliza koti limebaki vipi. Nimemwambia umelikata mkono wa kulia. Akasema ulitie kwenye gunia la chumvi ulilete hivyo hivyo, lisishonwe. Chumba cha nyuma kina baridi, na mkono wa kulia wa Mziwanda umefungwa kifuani, haukubali kuvishwa kitu.

Dada yako